Kuwatembelea nyumbani wajawazito na wenye watoto wachanga: fedha kidogo tuzielekeze wapi?

DadaMratibu (Busia)

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mratibu wa chama cha akina mama cha kuweka akiba na kukopeshana katika wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Tumepata msaada wa fedha wa mwaka mmoja ambao sharti lake pekee ni kwamba uwafae wajawazito na familia zenye watoto wa chini ya miaka miwili. Namna ya kuutumia tumeachiwa wenyewe. Wanachama wengi wanapendelea tuwateue akina mama kadhaa miongoni mwetu, wafundishwe, kisha wawe wanazunguka nyumba kwa nyumba kuwatembelea wajawazito tangu mimba ikiwa changa hadi mtoto atimize miaka miwili.

Pendekezo linavutia, ila nina mashaka ambayo ningependa wenye uzoefu wanisaidie kuyapima. Kwanza, vijiji vyetu tayari vina wahudumu wa afya wa kujitolea, hawa tunaowaita VHT, na sioni busara ya kuunda kundi la pili litakalobisha hodi kwenye milango ileile. Pili, mambo yamebadilika: kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016, uzazi 73 kati ya kila 100 ulifanyika kituoni, na katika uchunguzi wa mwaka 2022 kiwango hicho kilifika 91. Ikiwa karibu kila mama anafika kwa mkunga, mgeni wa nyumbani atamwambia nini ambacho hajakisikia? Tatu, nyumba zetu zina watu wengi. Kuna mama mkwe, kuna mume, kuna wapangaji wanaotumia ua mmoja, na kuna jirani ambaye kazi yake ni kuhesabu nani ameingia kwa nani.

Je, ziara hizi zina faida inayoonekana, au ni njia ya kujaza madaftari ya wafadhili? Kama zina faida, ziwe ngapi, zifanyike lini, na afanye nani? Au tuwakusanye akina mama kwa vikundi chini ya mwembe, tuokoe nauli?

MkungaBusoga

Dada Mratibu, nimefanya kazi ya ukunga kwa muda mrefu katika vituo vya afya vya ngazi ya tatu huku Busoga, kwa hiyo ninakujibu nikiwa upande ule unaopokea wagonjwa wa rufaa. Shaka lako la pili ndilo zito zaidi, na ninaona linaelekea kwenye jibu lililo kinyume na unavyodhani.

Ni kweli kwamba wanawake wengi sasa wanajifungulia kwetu. Lakini mama aliyejifungua salama hukaa siku moja, na penye vitanda vichache hukaa saa chache tu, kisha hupanda boda boda na kurudi kwake na mtoto ambaye hata kunyonya hajakuzoea. Tutamwona tena lini? Kwa walio wengi ni wiki ya sita, siku ya chanjo. Katikati hapo pana muda mrefu ambao hakuna macho yenye ujuzi yanayomtazama mama wala mtoto, na takriban robo tatu ya vifo vya watoto wachanga hutokea ndani ya siku saba za mwanzo. Tazama uchunguzi uleule ulioutaja: kati ya mwaka 2016 na 2022, vifo vya akina mama vilishuka kutoka 336 hadi 189 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, lakini vifo vya vichanga wa chini ya mwezi mmoja vilishuka kutoka 27 hadi 22 tu kwa kila watoto 1,000. Kituo kimemsaidia mama kuliko kilivyomsaidia mtoto, kwa sababu mtoto anatoka mikononi mwetu mapema mno.

Ndiyo maana mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja la kutaka mtoto mchanga atembelewe nyumbani siku ya kwanza na siku ya tatu, na ikiwezekana mara nyingine kabla ya wiki kwisha. Kwetu hapa, Chuo Kikuu cha Makerere kiliujaribu utaratibu huo katika Iganga na Mayuge, kwenye vijiji 63: baadhi vilipewa mhudumu aliyefika nyumbani mara mbili wakati wa ujauzito na mara tatu katika wiki ya kwanza baada ya kujifungua, na vingine vikaendelea na huduma ya kawaida. Katika vijiji vilivyotembelewa, akina mama walinyonyesha maziwa pekee kwa wingi zaidi, walichelewesha kumwogesha mtoto, na kitovu kiliachwa kikavu bila kupakwa chochote. Naomba jambo moja lisisahauliwe, maana wanaolisimulia hulipita haraka: vituo vya afya vya eneo lile navyo viliongezewa mafunzo na vifaa. Mhudumu alipomtuma mtoto, kulikuwa na mtu wa kumpokea.

Sasa, unauliza atamwambia nini. Ningependa aseme machache na atazame mengi. Anawe mikono, kisha aketi na kuangalia mtoto akinyonya kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mama yeyote atakuambia kwamba mtoto ananyonya vizuri, na ni kwa kutazama tu ndipo utagundua kwamba amekamata chuchu bila kuingiza titi kinywani. Ahesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima. Zikifika 60 au zaidi, ahesabu tena, na zikibaki hapo safari ya kituoni ianze. Aguse nyayo kama zina baridi, atazame kama zina umanjano, atazame kitovu, halafu amgeukie mama na kumuuliza kwa faragha juu ya damu, homa, na maumivu ya kichwa, kwani kifafa cha mimba kinaweza kumpata hata baada ya kujifungua. Mtoto aliyezaliwa na uzito wa chini ya kilo 2.5 awekwe kifuani ngozi kwa ngozi, na huyo atembelewe mara nyingi kuliko wenzake. Mambo haya hayawezi kufanyika chini ya mwembe mbele ya watu thelathini.

Kuhusu mila, nawasihi wanaotembelea wasiingie na ukali. Dada zetu wa Buganda wana ekyogero, maji ya dawa za miti ya kumwogeshea mtoto, na ukimwambia bibi kwamba ni upuuzi, hutakaribishwa tena katika ua huo. Ukimwambia kwamba maji hayo yasubiri hadi kesho, mtoto apate joto kwanza, na kwamba yasiguse kitovu, utakuwa umepata ulichokifuata, na bibi atabaki na heshima yake.

MzeeTakwimu (Kampala)

Ninamshukuru Mkunga kwa maelezo yake, nami nitaongeza yale niliyoyafuatilia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa kuwa hoja ya ziara za nyumbani huwa inatangazwa kana kwamba ziara ni dawa moja yenye dozi moja. Siyo. Matokeo yake hutofautiana mno, na tofauti hizo zina sababu.

Chukueni Gadchiroli, katika jimbo la Maharashtra, India. Daktari Abhay Bang na mkewe Rani Bang waliwafundisha wanawake wa vijijini kumtunza mtoto mchanga nyumbani, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha vifo vya vichanga vikipungua kwa asilimia 62 vikilinganishwa na eneo la jirani. Kisha chukueni Ghana, eneo la Brong Ahafo, ambako wahudumu wa kujitolea walifanya ziara mbili za ujauzito na tatu za wiki ya kwanza. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha upungufu wa asilimia 8 tu, kiasi ambacho kitakwimu hakiwezi kutofautishwa na bahati. Kwa nini? Vifo vilikuwa vingi zaidi Gadchiroli kabla ya kuanza, na hilo lina nafasi yake. Lakini mwanamke wa Gadchiroli aliingia nyumbani akiwa na dawa: alipoona dalili za maambukizi, na wazazi wakikubali, alimchoma mtoto sindano ya antibaotiki palepale. Yule wa Ghana alitazama, akashauri, akatuma kituoni. Ziara ya kushauri hutegemea kabisa kile kilicho mwisho wa barabara.

Mfano wa tatu unatoka mbali zaidi, nao unafundisha kwa upande mwingine. Nchini Marekani, David Olds alianza mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Elmira, jimbo la New York, kuwatuma wauguzi kwa wanawake wenye mimba ya kwanza, wengi wao wenye kipato cha chini au wasio na mume, na kuwafuata hadi mtoto awe na miaka miwili. Majaribio yake yalionyesha manufaa, na Uingereza ikauchukua mpango huo mwaka 2007 kwa wasichana wenye mimba za ujana. Ulipopimwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakuonyesha tofauti katika uvutaji wa sigara wakati wa ujauzito, uzito wa mtoto anapozaliwa, mimba ya pili ndani ya miaka miwili, wala mara ambazo mtoto alipelekwa hospitali kwa dharura. Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba wasichana wa Uingereza ambao hawakuwekwa katika mpango huo tayari walikuwa na mkunga na muuguzi wa jamii anayewafikia nyumbani bila malipo. Mpango uliongezwa pale ambapo hapakuwa na pengo kubwa.

Kwa hiyo, Dada Mratibu, swali la kwanza la kujiuliza ni pengo lenu liko wapi. Kwa maelezo ya Mkunga, liko katika wiki ya kwanza. Wekeni hapo zaidi ya nusu ya nguvu zenu, msizisambaze ziara sawasawa kwa miezi yote kwa sababu tu ratiba ikichorwa hivyo inapendeza.

Jambo la mwisho ni la malipo. Hapa Uganda, shirika la Living Goods pamoja na BRAC walitumia wahudumu wanaozunguka nyumba kwa nyumba wakiuza dawa na bidhaa za afya kwa bei nafuu, wakipata faida kidogo katika mauzo, na pia motisha ndogo kwa kuwatembelea wajawazito na vichanga. Jaribio lililofanyika kati ya mwaka 2011 na 2013 lilionyesha vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikipungua kwa asilimia 27. Mhudumu mwenye sababu ya kurudi nyumbani kwa watu hurudi.

VHT_Kyaka

Mzee Takwimu, kwa heshima zote, nina neno juu ya hilo la mwisho. Mimi ni VHT katika makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, wilaya ya Kyegegwa, ambako wengi wetu tulitoka Kongo na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Nyumba ninazozitembelea zinaishi kwa msaada wa chakula ambao nao umepunguzwa. Nikibisha hodi nikiwa na bidhaa za kuuza, mlango utafunguliwa na wale wenye shilingi, na mama ambaye ningetaka hasa kumwona atajifanya hayupo. Sipingi matokeo uliyoyataja. Ninasema kwamba mahali penye umaskini wa namna hii, mauzo yanamgeuza mgeni kuwa mdai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu wahudumu wa afya wa jamii umesema walipwe kulingana na kazi wanayoifanya, na kwamba malipo yao yasitegemee zaidi motisha za kazi moja moja. Hilo ndilo ninaloliunga mkono.

Dada Mratibu, msiunde kundi la pili. VHT wa vijiji vyenu walichaguliwa na wanakijiji, majina ya kaya wanayo, na wengi wao tangu mwaka 2010 wamekuwa wakipewa mafunzo ya kutibu malaria, nimonia na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wanachokosa ni nauli, viatu vya mvua, tochi, salio la simu, na mtu wa kuwauliza kila mwezi kazi inaendaje. Ukichukua fedha zenu ukawapa wanachama wenu malipo huku VHT akiendelea kujitolea bure, utakuwa umepanda ugomvi kijijini. Walipeni VHT kiasi cha kila mwezi kinachojulikana, kisha muwaongezee mwanachama mmoja wa kuandamana nao katika ziara zile za wiki ya kwanza. Watu wawili husikilizwa zaidi, na wanawake wengi hawapendi VHT mwanamume awatazame wakinyonyesha, ingawa hakuna anayelisema hilo kwenye mikutano.

Kuhusu siri, hofu yako ni ya kweli. Mradi mmoja ambao sitautaja ulikuwa ukituma wageni kwa akina mama wanaoishi na virusi vya Ukimwi pekee, wakiwa na fulana za rangi moja, na baada ya muda mfupi kila jirani alijua maana ya fulana ile. Baadhi ya akina mama walihama nyumba. Mtembeleeni kila mjamzito na kila mzazi bila kubagua, msivae sare, msije na gari, na mambo ya virusi yasitajwe nyumbani isipokuwa mama ameyataja mwenyewe. Vilevile, katika ziara ya kwanza, mwombeni mama achague mahali pa kuzungumzia. Wengine huchagua njia ya kwenda kuchota maji, na hapo ndipo utasikia habari za kupigwa ambazo ndani ya nyumba zisingetamkwa.

Tena msitegemee kumjua mjamzito mapema kwa kuuliza mlango kwa mlango. Mimba changa hufichwa, kwa hofu ya maneno na ya uchawi, na anayeulizwa mbele ya watu atakana. Kwangu, wengi hujulikana kwa kupitia rafiki yao aliyewahi kutembelewa akaridhika.

BabaWaWatatu (Mbale)

Nimesoma yote na sijaona tulipowekwa sisi. Mke wangu alitembelewa alipokuwa na mimba ya pili, na wageni waliponikuta nyumbani walisubiri niondoke ndipo waanze mazungumzo. Ninaelewa sababu zake, na aliyoyasema VHT wa Kyaka yamenifungua macho. Lakini mwenye kutoa nauli ya usiku ni mimi, na sikuwahi kuambiwa kwamba maumivu makali ya kichwa au uso kuvimba ni jambo la kuamshana usiku. Tengeni dakika chache za ziara kwa ajili ya baba, mkimweleza dalili tano au sita za hatari na kumuuliza waziwazi: siku ikifika, boda boda ya nani, na fedha ziko wapi?

DadaMratibu (Busia)

Nimefarijika sana kwa majibu haya, na Baba wa Watatu amenikumbusha kwamba hata katika swali langu nilimtaja mume kama kikwazo tu. Hoja ya kuwatumia VHT nimeielewa na nitaipeleka kwenye mkutano wa chama, ingawa najua kuna wanachama watakaonuna.

Bado nina maswali mawili. La kwanza: huku kwetu, wasichana wenye mimba ya kwanza mara nyingi huenda kujifungulia kwa mama zao, wakati mwingine hata ng'ambo ya mpaka, Kenya. VHT atajuaje kwamba mtoto amezaliwa, achilia mbali kufika siku ya kwanza? La pili: wiki ya kwanza ikiisha, na miaka hiyo miwili iliyobaki je? Mfadhili ametaja watoto wa chini ya miaka miwili, na mimi mwenyewe nimewaona akina mama ambao mtoto ana afya lakini wao wamezimika, hawaongei naye, hawamtazami.

MwalimuMalezi (Lira)

Dada, nitajibu swali la pili kwa kuwa ndilo ninalolifahamu. Baada ya wiki ya kwanza, kazi ya ziara hubadilika. Hatari ya kifo inapungua, na kinachobaki ni lishe, makuzi, na hali ya moyo ya mama, mambo ambayo hayahitaji mtu afike siku fulani bali yanahitaji mtu arudi kwa muda mrefu. Hapo ndipo mwembe wako unapopata nafasi.

Huku Lira uliwahi kufanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ambapo wazazi wa watoto wadogo walikutana kwa vikundi katika vipindi 12 vilivyoongozwa na wanajamii wenzao waliofundishwa. Walijifunza kucheza na mtoto, kuzungumza naye, usafi, lishe, na pia kuelewana kati ya baba na mama, na akina baba walikaribishwa. Watoto wa vikundi hivyo walionyesha maendeleo zaidi ya akili na ya kuelewa lugha kuliko wa vijiji vya kulinganishia, na dalili za sonona kwa akina mama zilipungua. Sehemu kubwa ya hayo ilifanyika kikundini.

Hata hivyo, kikundi hakimfikii kila mtu, na mama uliyemweleza, yule aliyezimika, ndiye wa kwanza kukosa kuhudhuria. Kwa familia kama hiyo, na kwa mtoto aliyedumaa, ziara za nyumbani zina ushahidi wa kushangaza kutoka Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake walianza kazi mjini Kingston na watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa takriban saa moja, kwa miaka miwili, na mhudumu wa jamii aliyemwonyesha mama namna ya kucheza na mtoto kwa vitu vilivyotengenezwa kutokana na makopo, vizibo na vitambaa. Miaka 20 baadaye, walipofuatiliwa wakiwa watu wazima, waliochezeshwa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao waliodumaa bila kutembelewa kwa asilimia 25. Mhudumu hakuja kumchezesha mtoto huku mama akifua. Alikuja kumfanya mama awe mchezeshaji, na siku zote sita zilizobaki za wiki ndizo zilizofanya kazi.

Pendekezo langu ni kwamba vikundi viwe kwa wote, na ziara za kila wiki mbili ziwe kwa wachache: mtoto ambaye utepe wa kupimia mkono umeonyesha manjano, yaani chini ya sentimita 12.5, mama mwenye umri wa kwenda shule, mama aliyefiwa, na huyo aliyezimika. Mtoto akionyesha nyekundu, chini ya 11.5, hiyo ni rufaa ya siku ileile, msingoje ziara. Na ikiwa mama anasema anatamani kufa, au kwamba mtoto angekuwa heri asingezaliwa, mgeni asibaki na siri hiyo peke yake; aandamane naye hadi kituoni.

MkungaBusoga

Narudi kwa lile swali la taarifa za uzazi, kwa sababu hapo ndipo mipango mingi mizuri huvunjika. VHT hawezi kujua kwa kubahatisha. Katika ziara ya pili ya ujauzito, ile ya karibu na kujifungua, aulize wazi: utajifungulia wapi, na baada ya hapo utakaa kwa nani? Nambari ya simu ya VHT iandikwe kwa kalamu kwenye jalada la kadi ya kliniki, na mkunga wa zamu aombwe kumbipu VHT kabla mama hajaruhusiwa kuondoka. Salio la kupiga tena litoke kwenye fedha zenu. Msichana anayekwenda kwa mama yake katika tarafa nyingine, VHT ampigie mwenzake wa huko. Aliyevuka kwenda Kenya, upande ule nao wana wahudumu wa jamii, na chama cha mpakani kama chenu hakikosi ndugu ng'ambo. Siku ya kwanza ikikosekana, ziara ya siku ya pili au ya tatu ina thamani kubwa bado. Asiyefika kabisa kwa sababu ameona amechelewa ndiye anayetia hasara.

Kabla ya kutumia shilingi yoyote, nendeni na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mkamwone mkuu wa kituo chenu cha afya, mkamuulize maswali matatu: usiku kuna mkunga, dawa za kichanga mwenye homa zipo, na gari la wagonjwa likiitwa hufika? Akijibu kwamba usiku hakuna mtu, msikate tamaa, ila mpango wenu lazima umfikishe mama kwenye kituo cha ngazi ya nne au hospitali moja kwa moja. Katika Kamuli, Kibuku na Pallisa, mradi mwingine wa Makerere uliunganisha ziara za VHT na vikundi vya kuweka akiba ambavyo viliafikiana mapema na wenye boda boda juu ya usafiri wa wajawazito. Ninyi ni chama cha akiba tayari, kwa hiyo sehemu hiyo ya kazi mnaijua kuliko sisi. Mtafuteni mwendesha boda boda anayelala jirani, asiyekunywa, mpatane naye bei ya usiku mbele ya mashahidi, na fedha zikae kwa mtu anayefungua mlango saa nane za usiku.

DadaMratibu (Busia)

Mkutano wetu ni Jumamosi. Nitaomba chama kigawe fedha hivi: sehemu kubwa kwa malipo ya VHT na ziara za wiki ya kwanza, sehemu ya pili kwa mfuko wa boda boda, na vikundi vya malezi vianze baada ya miezi mitatu tukishajua ni kaya zipi za kutembelewa zaidi. Mkuu wa kituo nitamwona kabla ya hapo, na nitaandika hapa alivyonijibu kuhusu usiku.